Tomáš Baťa: Mshona viatu aliyeanzia hesabu yake mfukoni mwa mnunuzi

Ni nadra kumpata Mkenya aliyepitia shule ambaye hajawahi kuvaa kiatu chenye jina la Bata, au angalau kukitamani alipokiona mguuni mwa mwenzake. Katika kituo cha biashara cha Rodi Kopany, mahali ambapo barabara ya kutoka Homa Bay kuelekea Rongo hukutana na ile inayopitia Ndhiwa hadi ghuba ya Karungu katika Kaunti ya Migori, jina hilo hutajwa bila maelezo. Mzazi akisema anatafuta Bata, muuzaji hamdhanii kuwa anataka ndege wa kufuga. Anajua kwamba kinachotakiwa ni kiatu cha shule, cheusi, chenye soli nene, kinachotarajiwa kuhimili mihula mitatu ya vumbi, matope na mawe.

Wengi hawafahamu kwamba jina hilo ni la ukoo, na kwamba aliyelieneza duniani alikuwa mtu mmoja, mwana wa fundi wa viatu kutoka mji mdogo wa Ulaya ya kati, aliyefariki mwaka wa 1932 kabla kampuni yake haijajenga kiwanda hata kimoja nchini Kenya. Tomáš Baťa hakuwahi kuiona Rodi Kopany. Hata hivyo, swali lililomshughulisha maisha yake yote ndilo linalomkabili mzazi anayeingia sokoni humo akiwa na pesa kidogo na mtoto mwenye miguu inayokua: mtu wa kipato cha chini atapataje kiatu kinachomtosha sawasawa, kisichomchubua na kisichoachana na soli yake kabla ya mwaka kwisha?

Jibu alilolipata lilimfanya tajiri, likawavisha viatu mamilioni ya watu, na likawaumiza wengine ambao hawakuwa na pa kulalamikia. Maisha yake hayaelezeki kwa haki bila kuyatazama yote matatu.

Mtoto wa karakana

Tomáš Baťa alizaliwa tarehe 3 Aprili 1876 katika mji wa Zlín, jimbo la Moravia, ambalo wakati huo lilikuwa sehemu ya Milki ya Austria na Hungaria na leo limo katika Jamhuri ya Czech. Ukoo wake ulikuwa umeshona viatu kwa vizazi kadhaa. Baba yake, Antonín, aliifuata kazi hiyo hiyo, na mtoto alijifunza kushika sindano na nyuzi kabla hajajua vyema kusoma.

Katika siku hizo kiatu kilikuwa kitu cha kuagizwa. Mteja alikwenda kwa fundi, akapimwa mguu, kisha akangoja. Fundi alivuta ngozi juu ya kalibu, yaani umbo la mguu lililochongwa kwa mbao, akaishona na kuigongomea soli kwa mkono. Aliyeweza kulipa alipata kiatu kilichofanana na mguu wake kama ganda na yai. Asiyeweza alivaa kiatu cha mbao, alirithi cha ndugu yake mkubwa, au alitembea peku, hata katika nchi ambayo theluji hulala ardhini kwa majuma mengi.

Mama yake alifariki Tomáš angali mtoto. Baba akaoa tena, na familia ikahamia mji wa Uherské Hradiště. Kijana huyo alikuwa na haraka ya kujitegemea. Mwaka wa 1891, akiwa na umri wa miaka 15, aliondoka nyumbani akaenda Vienna, alikokuwa dada yake Anna, akajaribu kutengeneza viatu na kuviuza mwenyewe. Jaribio hilo lilianguka. Hakuwa amejua soko linataka nini, wala hakuwa na mtaji. Akarudi kwa baba yake akiwa mtupu.

Miaka mitatu baadaye, mwaka wa 1894, Tomáš pamoja na kaka yake Antonín na dada yao Anna walichukua urithi mdogo ulioachwa na mama yao, wakaanzisha karakana yao wenyewe mjini Zlín. Walikuwa na mafundi wachache ndani ya karakana na wengine waliofanyia kazi majumbani kwao. Tofauti na desturi ya mafundi wa zamani, waliwalipa wafanyakazi wao mshahara wa kila juma.

Deni lililozaa kiatu cha turubai

Mwaka haukuwa umekwisha vizuri kabla ya madeni kuwafikia shingoni. Walikuwa wamenunua ngozi kwa mkopo, viatu havikuuzwa kwa kasi waliyoitarajia, na wadai wakaanza kubisha mlangoni. Antonín alichukuliwa jeshini, naye Anna akaondoka katika biashara. Tomáš akabaki peke yake na karakana isiyokuwa na pesa za kununua ngozi.

Ni katika dhiki hiyo alipopata wazo lililomwokoa. Kwa kuwa ngozi ilikuwa ghali, aliamua kutengeneza kiatu ambacho sehemu yake ya juu ni kitambaa kigumu cha turubai, na ngozi akaiweka tu pale ilipohitajika. Kiatu hicho kilikuwa chepesi, kilimkaa mtu mguuni bila kumbana, na bei yake ilikuwa ndogo kuliko ya kiatu chochote cha ngozi. Watu wa vijijini, vibarua na watumishi wakakipenda. Kikaitwa kwa jina la ukoo wake, na madeni yakaanza kulipwa.

Tukio hilo lafaa kukumbukwa kwa sababu ndilo lililomfundisha kanuni aliyoifuata hadi kufa. Mafundi wengi walijumlisha gharama za ngozi, nyuzi na kazi, wakaongeza faida, kisha wakamtangazia mnunuzi bei. Baťa aliigeuza hesabu hiyo. Aliuliza kwanza mtu wa kawaida ana kiasi gani mfukoni, kisha akarudi nyuma hatua kwa hatua, akitafuta kitambaa gani, mashine gani na mpango gani wa kazi ungewezesha kiatu kizuri kupatikana kwa kiasi hicho.

Mwaka wa 1900 alikihamishia kiwanda karibu na kituo cha reli cha Zlín, ili malighafi ziingie na viatu vitoke kwa wepesi. Mwaka wa 1904 alivuka bahari pamoja na wafanyakazi wake watatu hadi mji wa Lynn, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, uliokuwa maarufu kwa viwanda vya viatu. Alikuwa tayari mwenye kiwanda, lakini huko aliajiriwa kama kibarua wa kawaida, akasimama kwenye mashine na kutazama jinsi kazi ya kushona kiatu kimoja ilivyogawanywa kwa watu wengi, kila mmoja na hatua yake. Aliporejea nyumbani, alijenga kiwanda kikubwa zaidi na kuanza kuupanga upya utaratibu wote wa kazi.

Kaka yake Antonín alifariki mwaka wa 1908, na tangu hapo Tomáš akawa msimamizi pekee. Mwaka wa 1912 alimwoa Marie Menčíková. Mwana wao wa pekee, aliyepewa jina la baba yake, alizaliwa Septemba 1914, wakati Vita Vikuu vya Kwanza vikiwa vimekwisha kuwaka. Kiwanda cha Zlín kilipata kandarasi ya kutengeneza buti za wanajeshi wa Milki. Kazi hiyo iliwaepusha wanaume wengi wa eneo hilo na kupelekwa vitani, ikakikuza kiwanda mara nyingi zaidi ya kilivyokuwa, na ikamfundisha Baťa kutengeneza viatu vingi vya vipimo mbalimbali kwa muda mfupi.

Siku bei zilipokatwa nusu

Vita vilipomalizika mwaka wa 1918, Milki ikavunjika na taifa jipya la Czechoslovakia likazaliwa. Amani haikuleta neema mara moja. Serikali mpya ilifuata sera ya kuipandisha thamani sarafu yake, na matokeo yake ni kwamba bidhaa zilizotengenezwa nchini zikawa ghali mno kwa wanunuzi wa nje. Nyumbani nako watu hawakuwa na pesa. Viwanda vikafungwa mmoja baada ya mwingine, na maghala ya Zlín yakajaa viatu ambavyo hakuna aliyevinunua.

Mwishoni mwa Agosti 1922, Baťa alitangaza kwamba kuanzia mwezi uliofuata viatu vyake vyote vitauzwa kwa nusu ya bei. Mabango yalibandikwa kila mji yakionyesha ngumi ikiiponda bei ghali. Wenye viwanda wenzake walimcheka, wakidhani amerukwa na akili au anauza mali ya mwisho kabla ya kufilisika. Wanunuzi hawakucheka. Walifurika madukani, na maghala yaliyokuwa yamejaa yakawa matupu.

Lakini bei haiteremki kwa maneno. Ili hesabu isimame, Baťa aliwakata wafanyakazi wake mishahara kwa asilimia 40. Aliwaahidi kwamba kampuni ingewauzia chakula, nguo na mahitaji mengine ya lazima kwa nusu ya bei, ili wasife njaa katika kipindi hicho. Wafanyakazi walikubali, wengi wao kwa sababu njia nyingine iliyokuwapo ilikuwa kukosa kazi kabisa. Mauzo yalipoongezeka, kiwanda kikapanuka, ajira zikaongezeka na ujira ukapanda tena. Bila shaka mpango ulifaulu. Hata hivyo, ni vyema ikumbukwe kwamba kiatu cha bei nusu cha mwaka wa 1922 kililipiwa na watu wawili: aliyekinunua dukani, na aliyekishona kwa mshahara uliopunguzwa.

Kuanzia mwaka wa 1924, Baťa aliigawa kampuni yake katika idara ndogo ndogo zilizojitegemea kihesabu. Karakana moja ilinunua kazi ya karakana iliyoitangulia na kuiuzia ile iliyofuata, kana kwamba ni maduka yanayofanya biashara. Mwishoni mwa juma kila idara ilijua kama imepata au imepoteza, na wafanyakazi walipewa sehemu ya faida. Sehemu ya fedha hizo walitakiwa kuiweka katika kampuni, ikawazalia riba ya asilimia 10. Fundi aliyeharibu ngozi alijua kwamba anaukata mfuko wake mwenyewe.

Zlín nao ukabadilika. Baťa alichaguliwa kuwa meya mwaka wa 1923, na mji ukaota nyumba za matofali mekundu zenye bustani, zilizokodishwa kwa wafanyakazi kwa kodi nafuu. Shule ya vijana wa kazi ilifunguliwa mwaka wa 1925, ambako wanafunzi walifanya kazi kiwandani mchana, wakasoma jioni na kujilipia chakula na malazi kutokana na ujira wao. Hospitali ikafuata mwaka wa 1927. Wageni kutoka nchi mbalimbali walifika kuushangaa mji huo.

Kulikuwa na upande wa pili. Baťa hakuvipenda vyama vya wafanyakazi na hakuvivumilia katika kiwanda chake. Mwajiri ndiye aliyekuwa meya, mwenye nyumba na mwenye duka, hivyo aliyekosana na kampuni alihatarisha kazi yake na paa lililomfunika kwa pamoja. Kasi ya kazi ilikuwa kubwa, na mabwana wa zamu walikuwa wakali. Nje ya Zlín, maelfu ya mafundi wadogo waliona wateja wao wakitoweka, kwa kuwa hakuna mkono wa binadamu uliyeweza kushindana na bei ya mashine. Walilalamika na kuandamana, na katika nchi kadhaa za Ulaya wenye viwanda walizishawishi serikali zao kupandisha ushuru ili kiatu cha Baťa kisiingie.

Duka, kipimo na mguu wa mteja

Huenda jambo linalomhusu zaidi mnunuzi wa leo ni jinsi Baťa alivyoliendesha duka. Kiatu cha fundi kilimtosha mteja kwa sababu kilishonwa juu ya kipimo chake. Kiatu cha kiwandani kimeshonwa kwa mguu wa mtu asiyekuwapo, mguu wa wastani. Bei ikipungua lakini kiatu kikabana, mnunuzi hajapata nafuu yoyote, kwani atakitupa au atakivaa kwa mateso. Baťa alilielewa hilo. Maduka yake yaliwekwa vipimo vingi vya aina moja ya kiatu, wauzaji walifunzwa kumkalisha mteja na kumpima, na katika maduka makubwa kulikuwa na huduma ya kutunza miguu pamoja na fundi wa kukarabati viatu vilivyochakaa. Bei nazo zilizoea kuishia na tarakimu 9, mtindo ambao hadi leo umelifuata jina hilo katika nchi nyingi, ikiwemo Kenya.

Nambari iliyopigwa chini ya kiatu haielezi yote. Katika mfumo wa Uingereza, uliozoeleka sana hapa kwetu, tofauti ya nambari moja na inayofuata ni theluthi moja ya inchi, takriban milimita 8.5, kipimo ambacho asili yake ni urefu wa punje ya shayiri. Katika mfumo wa Ulaya bara, hatua moja ni theluthi mbili za sentimita, yaani karibu milimita 6.7. Mifumo hiyo miwili hailingani hatua kwa hatua, na nambari hupima urefu peke yake. Upana wa mguu, kimo cha unyayo na umbo la vidole hutegemea kalibu iliyotumika kiwandani. Ndiyo sababu mtu huvaa nambari 8 ya kampuni moja kwa raha, na nambari hiyo hiyo ya kampuni nyingine ikamtoa malengelenge.

Kwa watu wa sehemu zetu jambo hilo lina uzito wa pekee. Tafiti za miguu zimeonyesha kwamba wale waliokua wakitembea peku huwa na mguu mpana zaidi sehemu ya mbele kuliko waliozoea viatu tangu utotoni. Kalibu iliyochongwa kwa ajili ya mguu mwembamba wa mjini itambana kijana aliyetembea peku hadi darasa la tano, hata ikiwa urefu umemtosha. Anayemnunulia mtoto wa namna hiyo hana budi kuutazama upana kabla ya nambari.

Mzazi mwenye kipato kidogo hushawishika kununua kiatu kikubwa kupita kiasi, akitumaini kwamba mtoto atakikulia. Karatasi hujazwa puani mwa kiatu, na mtoto hukiburura mwaka mzima. Kisigino kinachocheza ndani huchubuka, soli hupindika mahali pasipostahili, na mara nyingi kiatu huwa kimekwisha kabla ya mguu kukifikia. Nafasi inayofaa mbele ya kidole kirefu zaidi ni upana wa kidole gumba cha mtu mzima, isizidi sana hapo. Kiatu kijaribiwe mtoto akiwa amesimama, amevaa soksi atakazovaa shuleni, na miguu yote miwili ipimwe, kwa sababu ni kawaida mmoja kuuzidi mwenzake. Ni bora kipimo hicho kichukuliwe alasiri, kwani miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyosonga.

Anayenunua mtumba naye ana la kuchunguza. Kiatu kilichovaliwa kimekwisha kuchukua umbo la mguu wa mwenyewe wa kwanza. Kikiwekwa juu ya meza iliyo sawa kikaegemea upande mmoja, au kisigino kikiwa kimelika upande wa ndani, kitamlazimisha mvaaji mpya kutembea kama yule wa zamani. Wahenga walionya kwamba rahisi ni ghali, na onyo hilo halijapata mahali pa kulifaa zaidi ya meza ya viatu.

Safari ya Asia na ukungu wa Otrokovice

Kufikia mwisho wa miaka ya 1920, kuta za ushuru zilikuwa zimeinuka kote Ulaya. Baťa aliamua kwamba ikiwa kiatu hakiruhusiwi kuvuka mpaka, basi kiwanda kitavuka. Alianza kujenga katika nchi walikokuwa wanunuzi wake, ikiwa ni pamoja na Möhlin nchini Uswisi na East Tilbury nchini Uingereza, kando ya mto Thames.

Mwishoni mwa mwaka wa 1931 alipanda ndege yake na kuanza ziara ndefu iliyomfikisha India na nchi nyingine za Asia. Usafiri wa anga wa masafa hayo ulikuwa wa hatari, lakini mtu huyu hakujua kungoja meli. Huko aliona umati wa watu wanaotembea peku. Mfanyabiashara mwingine angeweza kuhitimisha kwamba hapo hapana soko. Yeye aliona watu ambao hawakuwa wamewahi kutengenezewa kiatu cha bei wanayoiweza. Kampuni ikaanza kazi karibu na Calcutta, na baada ya kifo chake mji mzima wa viatu uitwao Batanagar ukajengwa huko.

Asubuhi ya tarehe 12 Julai 1932, Baťa alifika katika uwanja wa ndege wa Otrokovice, karibu na Zlín, akiwa na safari ya kwenda Möhlin. Ukungu ulikuwa umetanda. Busara ilitaka wasubiri uondoke, lakini ratiba yake haikuwa na nafasi ya kusubiri. Ndege yake, aina ya Junkers F 13, ilipaa na kuanguka muda mfupi baadaye. Baťa na rubani wake, Jindřich Brouček, walifariki papo hapo. Alikuwa na umri wa miaka 56.

Alizikwa katika makaburi ya msituni ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameamuru yatengenezwe mjini Zlín. Mwaka uliofuata jumba la ukumbusho la vioo lilijengwa juu ya mji huo, na ndani yake ikatundikwa ndege ya aina ile ile iliyomwua.

Kutoka Zlín hadi Limuru

Uongozi ulichukuliwa na ndugu yake wa kambo, Jan Antonín Baťa, aliyeieneza kampuni katika mabara mengine. Ni katika enzi hiyo, kuelekea mwisho wa miaka ya 1930, kampuni ilipoanza shughuli nchini Kenya, na kiwanda chake kikakita mizizi Limuru. Vita Vikuu vya Pili vilipokaribia, familia ilitawanyika. Mwana wa Tomáš alikwenda Kanada mwaka wa 1939 na kuanzisha kituo kipya huko. Viwanda vya Zlín vilitaifishwa mwaka wa 1945, na kuanzia mwaka wa 1949 hadi 1990 hata jina la mji lilifutwa, ukaitwa Gottwaldov kwa heshima ya rais wa Kikomunisti. Mwana huyo, Thomas Bata, aliiongoza kampuni kutoka Kanada kwa miongo mingi hadi alipostaafu, akafariki mjini Toronto Septemba 2008.

Huku kwetu, kiwanda cha Limuru kiliwazoesha Wakenya majina ambayo wazazi wengi huyataja kwa hisia za utotoni: Toughees za shuleni, raba za turubai za Ngoma ambazo ni wajukuu wa kile kiatu cha dhiki cha Zlín, na makubazi ya plastiki ya bei ya chini. Kwa familia nyingi za Homa Bay na Migori, kiatu cha kwanza kipya cha mtoto kilitoka Limuru. Kilimkinga dhidi ya funza na minyoo ya safura inayopenya kwenye ngozi ya unyayo, jambo ambalo thamani yake haiandikwi kwenye bei.

Lakini historia ya mafundi wadogo wa Moravia nayo ilisafiri. Fundi wa akala anayekata soli kutoka kwenye matairi makuukuu, pamoja na mshona viatu anayekaa chini ya mti na sindano yake, walilazimika kutafuta riziki pembeni mwa kiatu cha kiwandani, wakikikarabati badala ya kukitengeneza. Baadaye kiwanda chenyewe kikajikuta katika hali hiyo hiyo, kikibanwa na marobota ya mitumba na viatu vya plastiki kutoka ng'ambo ambavyo bei yake iko chini zaidi. Hesabu ambayo Baťa aliwashinda nayo wengine ilijifunzwa na wengine.

Tofauti, pengine, ni kwamba Baťa hakuiangalia bei peke yake. Kiatu chake cha turubai kilipendwa kwa kuwa kilikuwa rahisi na kilimkaa mtu vizuri. Duka lake lilikuwa na bei ya kuvutia na mtu wa kuupima mguu. Pale wauzaji wa leo wanapoichukua nusu moja ya somo hilo na kuiacha nyingine, mnunuzi ndiye hubaki na hasara, akinunua jozi tatu kwa mwaka pale ambapo moja ingetosha.

Tomáš Baťa hakuwa mtakatifu. Aliamini kwamba faida na huduma kwa watu vinaweza kutembea pamoja kama kiatu cha kulia na cha kushoto, na hakuona vyema pale kimoja kilipokikanyaga kingine. Waliomfanyia kazi kwa mishahara iliyokatwa, na mafundi waliofunga karakana zao, wana haki ya kukumbukwa katika ukurasa huo huo. Hata hivyo, alipoanza kazi, kiatu kinachomtosha mtu kilikuwa anasa ya wenye nacho. Alipokufa, mtoto wa kibarua aliweza kuingia dukani, akakalishwa, akapimwa mguu, na akatoka akitembea bila kuchechemea.